Manowari Wakati wa Amani: Istilahi za Mwaka Mmoja wa Safari na Mazoezi

Miongoni mwa maswali yanayofika mezani petu kutoka kwa wafasiri, yako yanayoletwa na udadisi tu, na yako yanayoletwa na hasara. Swali lililotufanya tuandike makala haya ni la namna ya pili. Ofisi moja, ambayo hatuna haja ya kuitaja, ilitoa tangazo kuwaarifu wavuvi kwamba manowari ingefanya mazoezi ya mizinga katika sehemu fulani ya bahari. Tangazo la asili lilikuwa la Kiingereza, na saa zilizotajwa mle zilikuwa za asubuhi. Mfasiri akaandika kwamba manowari "zitapigana vita vya mazoezi kuanzia saa nane hadi saa kumi na mbili". Waliosoma neno "vita" walicheka au waliogopa, kila mtu kwa kadiri ya moyo wake. Lakini waliosoma "saa nane" walifanya kama ambavyo msomaji yeyote wa Kiswahili angefanya: waliingia baharini alfajiri wakitumaini kurudi kabla ya saa nane mchana. Mizinga ikawakuta huko huko. Hakuna aliyeumia, ila nyavu ziliachwa majini, na mwalimu mmoja wa pwani aliyetuletea nakala ya tangazo hilo alituuliza, kwa ukali kidogo, istilahi tunazotunga zinamfaa nani.

Tulipoketi kulitazama jambo lenyewe tuliona kwamba kosa halikuwa la mfasiri peke yake. Orodha za istilahi za kijeshi tulizokuwa nazo mezani zilikuwa na maneno mengi ya kushambulia na kujihami, na machache mno ya kazi za amani. Hali manowari, kama jeshi lolote, hutumia sehemu kubwa ya umri wake katika amani. Aidha, orodha ina udhaifu wake: neno likisimama peke yake halina mahali pa kukaa, na mfasiri hulichukua kwa kubahatisha. Kwa hiyo badala ya kutoa orodha nyingine tumechagua mwaka wa meli moja, tukatazama kila tendo lake linaitwaje, au lingefaa liitweje, kwa Kiswahili.

Meli tuliyoichagua ni Hood ya Uingereza. Ilishushwa majini huko Clydebank, Scotland, tarehe 22 Agosti 1918, ikaanza kazi mwaka 1920. Urefu wake ulikuwa futi 860, na mizinga yake mikubwa ilikuwa minane, kila mmoja wenye kipenyo cha inchi 15. Watu wanaikumbuka kwa namna ilivyozama, lakini miaka yake 19 ya mwanzo ilikuwa ya amani, na habari za miaka hiyo zimeandikwa kwa wingi. Tena ilipata kutia nanga Unguja, jambo linalotupa sababu ya kuitazama kwa macho yetu wenyewe.

Tuanze na neno manowari. Asili yake ni maneno ya Kiingereza yenye maana ya mtu wa vita, ambayo Waingereza walikuwa wakiiita meli yenyewe. Watu wa pwani walilipokea neno hilo wakiwa wanakiona kitu chenyewe mbele yao. Kuanzia mwaka 1874 hadi 1884 manowari moja, London, ilikaa nanga katika bandari ya Unguja, na mashua zake zikitumwa kuyasaka majahazi yaliyobeba watumwa. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliipiga mizinga nyumba ya Sultani kwa muda usiofika saa moja, na meli yake iliyoitwa Glasgow ikazamishwa. Wako wanaopendekeza tuseme "meli ya vita" ili neno lieleweke zaidi. Sisi twaona manowari libaki. Neno hili hutaja chombo kwa jinsi kilivyoundwa, wala halisemi kinafanya nini leo. Lakini ukiandika kwamba "meli ya vita imeingia bandarini", umekwisha kuiingiza vita katika habari ambayo pengine ni ya ziara tu.

Manowari zikiwa chache chini ya mkuu mmoja tumeziita kikosi. Zikikusanyika nyingi chini ya admeri tumeziita kundi kuu. Hood ilikuwa katika Kundi Kuu la Atlantiki, na mwaka wa kundi hilo ulikwenda kwa desturi. Mwanzoni mwa mwaka meli ziliondoka Uingereza kwenda upande wa Gibraltar, zikafanya luteka pamoja na Kundi Kuu la Mediterania. Kisha zilirudi nyumbani kwa likizo na matengenezo. Wakati wa kiangazi cha huko zilitembelea miji ya pwani ya Uingereza, raia wakapanda kuzitazama. Majira ya majani kupukutika zilikwenda Scotland kwa mazoezi ya mizinga, na mwaka ukaisha kwa gudi na likizo ya Krismasi.

Safari ya namna hii tuiiteje? Neno safari peke yake halitoshi. Meli ya shehena hutoka bandari moja kwenda nyingine kwa sababu kuna kitu cha kupeleka. Manowari hii hutoka, ikazunguka, ikarudi ilikotoka, na faida yake ni huko kuzunguka kwenyewe. Wengine wamependekeza "matembezi", lakini neno hilo lina harufu ya starehe, na mabaharia waliosugua sitaha kila asubuhi wangeshangaa kulisikia. Tumependekeza safari ya mzunguko. Tuliwahi kufikiria pia "doria", tukaona ni kosa, kwa kuwa doria ni kazi yenyewe wala si mafunzo: aliye doriani analinda eneo dhidi ya jambo linaloweza kutokea leo. Mashua za London zilizowasaka wafanya biashara ya watumwa zilikuwa katika doria. Hood ilipokwenda Gibraltar haikuwa doriani.

Safari ya mzunguko iliyo maarufu kuliko zote za Hood ndiyo iliyopita kwetu. Tarehe 27 Novemba 1923 kikosi kiliondoka Devonport, nacho kilikuwa na Hood, Repulse na manowari nyepesi tano, chini ya Admeri Frederick Field. Kilipita Freetown na Cape Town, kikafika Unguja Januari 1924, kisha Trincomalee, Singapore, bandari za Australia na New Zealand, Fiji, Honolulu, Vancouver na San Francisco. Hapo kikagawanyika. Manowari nyepesi zilishuka kuelekea Amerika ya Kusini, na zile mbili kubwa zikapita mfereji wa Panama kwenda Jamaika na Kanada. Kikosi kilirudi Uingereza mwishoni mwa Septemba 1924, baada ya miezi kumi na maili zaidi ya 30,000.

Januari ni kaskazi. Ndio wakati ambapo majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi yalikuwa yakiingia Unguja kwa upepo, na Sultani wakati huo alikuwa Khalifa bin Harub. Waliosimama Forodhani wakatazama walikuwamo bila shaka watu waliokumbuka mwaka 1896, maana ilikuwa imepita miaka 28 tu. Hapa ndipo mfasiri anapopaswa kuwa na mizani. Waingereza walikuwa na msemo wao wa kuonyesha bendera, nao wafasiri wengi huuandika neno kwa neno. Msomaji wa Kiswahili huuliza: bendera ilikuwa imefichwa? Maana iliyokusudiwa ni kuwafanya wenyeji waione nguvu ya dola na waikumbuke. Kama habari inahusu itifaki, basi neno ni ziara: kuna mizinga ya heshima, kuna kupamba meli kwa bendera, kuna wakubwa kualikana. Kama mwandishi anasema juu ya siasa ya safari ile, basi tuseme waziwazi ziara ya kuonyesha nguvu. Maneno hayo mawili hayabadilishani nafasi, na mfasiri hana ruhusa ya kulilainisha la pili likawa la kwanza.

Mfereji wa Panama unatuletea neno jingine linalohitaji uangalifu. Vyumba vya maji vya mfereji ule wakati huo vilikuwa na upana wa futi 110, na Hood ilikuwa na upana wa futi 104, ikabaki nafasi ya futi 3 kila upande. Anayeongoza meli pale ni mtaalamu wa mfereji, na jina lake katika Kiswahili cha zamani ni rubani. Lakini rubani amekwisha paa angani; mwanafunzi wa leo akisoma kwamba rubani aliipitisha Hood mferejini atatafuta ndege ilipotua. Hatutaki kumnyang'anya mwenye ndege jina alilokwisha kulizoea. Tuseme rubani wa meli, tuishie hapo.

Mambo ya zamu yanahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndiyo yaliyowaponza wavuvi wetu. Katika manowari za Uingereza usiku na mchana hugawanywa zamu saba: tano za saa nne nne, na mbili za saa mbili mbili. Zamu hizo mbili fupi zimewekwa makusudi. Zingekuwa zamu sita sawasawa, kundi moja la mabaharia lingekesha saa zile zile kila usiku hadi mwisho wa safari. Zikiwa saba, kila siku makundi hupokezana saa. Kwa hesabu yetu zamu huanza saa mbili usiku hadi saa sita. Saa sita hadi saa kumi alfajiri. Saa kumi hadi saa mbili asubuhi. Saa mbili hadi saa sita mchana. Saa sita hadi saa kumi alasiri. Kisha zile fupi, saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na saa kumi na mbili hadi saa mbili usiku. Kwa Kiingereza zamu fupi zimepewa jina la mbwa, na tumekwisha kuona tafsiri iliyosema "zamu ya mbwa", kana kwamba mbwa ndiye aliyeshika usukani. Zamu fupi inatosha. Pia kengele hupigwa kila nusu saa tangu zamu ianze, na kengele nane ndizo zinazofunga zamu ndefu. Kengele nane si saa nane. Twamsihi mfasiri, kila akutanapo na saa ya baharini, aandike na sehemu ya siku: asubuhi, mchana, alasiri, usiku. Neno moja tu la ziada lingetosha kuokoa nyavu zile.

Katika sehemu za chombo na vifaa vyake hatukuwa na sababu ya kwenda mbali. Omo na tezi zinajulikana hata na mtoto wa shule aliyefundishwa methali. Kitabu ambacho afisa wa zamu huandika mwendo, upepo na matukio kina jina lake la pwani, batli, na inasikitisha kuona ofisi zikiandika "daftari la kumbukumbu za meli" kwa maneno matano. Pima ni pima. Hood ilihitaji maji ya zaidi ya pima tano ili isiguse chini. Kifaa cha kupimia kina ni bildi, ijapokuwa siku hizi kina hupimwa kwa mwangwi wa sauti. Lakini tumekataa pendekezo moja lililotoka kwa mpenzi wa lugha wa pwani, kwamba upande wa kulia na wa kushoto wa meli uitwe goshi na demani. Katika jahazi, goshi ni upande upepo unakotoka na demani ni upande unakokwenda. Jahazi likigeuka, majina nayo yanageuka. Pande za manowari hazibadiliki kwa upepo. Kulia na kushoto, kwa mtu aliyeelekea omo, hazina utata.

Sasa tuje kwenye mazoezi. Tafsiri nyingi huyatupia mambo yote neno hilo moja. Sisi tumetenga manne. Mafunzo ni yale ambayo mtu hufundishwa na mwalimu, kama baharia mpya anayejifunza kufunga kamba. Kwata ni mwendo wa pamoja kwa amri. Zoezi ni tendo moja linalorudiwa mpaka mikono ilizoee: kuzima moto, kushusha mashua, kushindilia mzinga. Luteka ni pale meli nyingi zinapogawanywa pande mbili, kila upande ukawa na mkuu wake na kusudi lake, zikatenda kana kwamba vita vimeanza. Walichofanya makundi makuu mawili karibu na Gibraltar kilikuwa luteka. Alichofanya mpiga mzinga wa Hood kila juma kilikuwa zoezi.

Katika kupiga mizinga, kulenga si kupiga, na kupiga si kupata. Anayelenga anaelekeza, anayepiga anafyatua, anayepata ni yule ambaye risasi yake imefika. Taarifa inayosema kwamba meli "ililenga shabaha mara sita" haijatuambia kama kulikuwa na mlio hata mmoja. Shabaha ya baharini aghalabu ni jukwaa lenye kitambaa au wavu, likivutwa kwa kamba ndefu na meli nyingine. Tumeiita shabaha ya kukokotwa. Na kilichotoka katika mizinga ya Hood, kitu chenye uzito wa karibu kilo 870, vitabu vya zamani vingekiita kombora. Neno hilo nalo limehama, kwani leo kombora ni lile linalojisukuma lenyewe angani. Kwa hiyo tumependekeza risasi ya mzinga.

Neno moja lilitugawa ofisini, na hatuwezi kulipita. Septemba 1931 Kundi Kuu la Atlantiki lilikusanyika Invergordon, Scotland, kwa mazoezi ya majira yale. Hapo mabaharia walipata habari kwamba mishahara ingekatwa, na kwamba baharia wa chini aliyekuwa akilipwa kwa kiwango cha zamani angeshuka kutoka shilingi 4 kwa siku hadi shilingi 3. Tarehe 15 na 16 mabaharia wa meli kadhaa, Hood ikiwa mojawapo, walikataa kung'oa nanga. Hawakumpiga afisa, na kazi za kila siku bandarini waliendelea nazo. Mazoezi yalivunjwa, meli zikarudishwa kwenye bandari zao, na mnamo tarehe 21 mwezi huo huo Uingereza ikaacha kufungamanisha fedha yake na dhahabu. Je, yale yalikuwa maasi au mgomo? Mmoja wetu alishikilia kwamba askari hana mgomo: akikataa amri ameasi. Mwingine alisema kwamba Kiswahili hutaja tendo, na tendo lile ni la watu walioweka kazi chini kwa sababu ya ujira. Tuliafikiana hivi: katika maandishi ya sheria ya kijeshi neno ni maasi, kwa kuwa ndilo kosa linaloshtakiwa, katika historia na magazeti, mgomo wa mabaharia. Anayeandika "maasi" katika kitabu cha shule ajue kwamba amekwisha kutoa hukumu.

Mwaka wa manowari huishia gudini. Mwenye jahazi hulipweleza mchangani maji yakitoka, akakwangua chini yake na kulipaka deheni. Manowari huingizwa gudi, maji yakatolewa, na kazi ikawa ile ile kwa mikono mingi zaidi. Kazi hii ya kila mara ni matengenezo. Ukarabati ni jambo kubwa zaidi: chombo hubomolewa kwa sehemu, kikabadilishwa mitambo na kuongezewa kinga. Tofauti hii si ya maneno matupu. Hood ilifanyiwa matengenezo mengi, na makubwa katika miaka 1929 hadi 1931, lakini ukarabati uliokusudiwa haukufanywa kabla ya vita kuanza. Tarehe 24 Mei 1941 ilipigwa na Bismarck ikazama. Kati ya watu 1,418 waliokuwamo waliokoka 3. Pia mfasiri asiandike kwamba manowari iliyo katika matengenezo "inapumzika". Tarehe 20 Septemba 1914 manowari Pegasus ilikuwa bandarini Unguja mitambo yake ikitengenezwa. Königsberg ya Wajerumani ilipotokea alfajiri, Pegasus haikuweza kuondoka ilipokuwa, ikapigwa pale pale. Aliyepumzika huamka akaenda. Aliye matengenezoni hawezi.

Juu ya vyeo tutasema machache. Anayeongoza manowari tumwite nahodha, kwani "kapteni" katika jeshi la nchi kavu yuko chini sana ya kanali, ilhali mwenye cheo cha jina hilo baharini ni sawa na kanali. Lakini kwa cheo cha pili katika maadmeri, alichokuwa nacho Field, hatujaafikiana. "Makamu Admeri" humfanya msomaji amtafute admeri ambaye huyu ni makamu wake, naye hayupo. Wenye pendekezo watuandikie.

Hatimaye tuliandika upya lile tangazo, na twalitoa hapa kwa yeyote atakayehitaji mfano:

"Wavuvi na manahodha wa vyombo vyote mnaarifiwa kwamba manowari itafanya mazoezi ya kupiga shabaha kwa mizinga katika eneo lililotajwa hapa chini, kwa siku tatu, kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana. Haya ni mazoezi, hakuna vita. Risasi za mizinga zitakazotumika ni za kweli, na zinaweza kuua. Chombo chochote kisiingie katika eneo hilo kwa saa hizo, na nyavu na madema yatolewe kabla ya saa mbili asubuhi. Baada ya saa sita mchana bahari ni huru."

Mwalimu alikwenda nalo ufukweni, akalisoma mbele ya wavuvi. Walilielewa, ila nahodha mmoja mzee alisema tumesahau jambo. Meli inayokokota na shabaha inayokokotwa huachana mbali sana, na kamba iliyo kati yao huzama majini isionekane. Mtu asiyejua ataona nafasi wazi, apitishe mashua yake katikati. Tumeongeza sentensi: "Msipite kati ya meli inayokokota na shabaha yake, hata pakionekana pana nafasi."